Picha za kisukari ukutani kwetu

Mdogo wangu wa kiume ana ugonjwa wa Down, hali ya kuzaliwa nayo inayofanya kujifunza kuwe kugumu, na pia ana kisukari cha aina ya kwanza, hali mbili ambazo hukutana kwa mtu mmoja mara nyingi zaidi kuliko wengi wetu tunavyojua. Hajui kusoma maandishi, ila picha huzisoma kwa uaminifu mkubwa, neno kwa neno kama ingewezekana kusema hivyo, na uaminifu huo ndio uliofichua makosa yangu.

Picha za kwanza za kumfundisha kuishi na kisukari nilizipata kwenye intaneti. Shirika la Diabetes UK la Uingereza hutoa maelezo mepesi kwa watu wenye ulemavu wa akili, sentensi fupi kando ya picha, nami niliupenda mtindo huo. Lakini sahani ya vyakula vya kigeni haimwambii lolote mtu anayekula ugali, dagaa na mchicha. Basi nikapiga picha vitu vyetu wenyewe na kuzifanya kadi za kubandika ukutani: sahani yake ya bati yenye maua, nusu ikiwa mchicha, robo ugali na robo dagaa, kipimo chake cha sukari, na mtungi wa udongo tunamohifadhi insulini, dawa yake ya sindano ya kushusha sukari, kwa kuwa hatuna friji.

Kwenye kadi ya vyakula niliweka pia chupa ya soda na kuikata kwa alama nyekundu. Alielewa upesi, na kwa miezi kadhaa hakugusa soda hata harusini, jambo nililolisimulia kwa majivuno. Kisha jioni moja nilimkuta barazani akitokwa jasho na kutetemeka, kipimo kikionyesha 2.9 mmol/L, nasi tulifundishwa kuwa sukari ya damu iliyo chini ya 4 haisubiri. Nilimletea soda ili sukari ipande. Akafumba mdomo na kunyoosha kidole ukutani, kwenye kadi yangu. Mama ndiye aliyemwokoa kwa kumbembeleza anywe maji ya sukari, kwani kikombe hakikuwa kimekatwa.

Sasa soda ina kadi mbili. Katika ile ya chakula bado imekatwa. Katika ile yenye pembe nyekundu kuna picha yake mwenyewe akiigiza kutetemeka, kisha kipimo, kisha bilauri yenye mstari unaoonyesha kiasi cha soda chenye takribani gramu 15 za sukari, na mwishoni simu ya mama, ambayo kengele yake hulia baada ya dakika 15 ili apime tena. Hakuna kadi inayobandikwa kabla hajanionyesha kwa vitendo anachokiona ndani yake, na ni mara chache tunakubaliana katika jaribio la kwanza.

Namba zilitusumbua zaidi. Sura za tarakimu anazitambua, lakini kwake 3.5 na 13.5 zilikuwa ndugu. Muuguzi mmoja alitushauri tupige picha kioo cha kipimo chenyewe: ikiwa kushoto kwa nukta kuna tarakimu moja tu, nayo ni 1, 2 au 3, anakwenda kwenye kadi nyekundu; zikiwa mbili, anamwita mama. Dozi ya insulini hatukuiweka kwenye picha kabisa, kwa sababu daktari huibadilisha, na picha ya zamani iliyosahauliwa ukutani ingekuwa hatari kuliko ukuta mtupu. Mama huvuta insulini kwenye sindano. Mdogo wangu huchagua mahali pa kuchoma kwa kufuata picha ya tumbo lake lenye vidoa vya wino, asije akarudia palepale hadi pakaota uvimbe.

Kadi ya miguu ndiyo iliyotuchekesha. Kisukari kinaweza kupunguza hisia za nyayo, hivyo ni lazima zikaguliwe kila siku, nami kwa haraka nilipiga picha mguu wa mama. Kila usiku mdogo wangu akawa anakagua miguu ya mama kwa makini, kati ya vidole na chini ya kisigino, kisha anakwenda kulala bila kuitazama yake. Nimeibadilisha kadi na kuweka mguu wake mwenyewe, naye anaifuata ipasavyo, ingawa ukaguzi wa miguu ya mama haujakoma.