Waya za spika: hapa ndipo redio nyingi za sebuleni huharibikia

Chomoa redio kwenye umeme kabla ya kugusa waya wa spika. Mwekundu uende tundu jekundu, mweusi kwenye jeusi, kulia na kushoto. Ukigeuza upande mmoja hakuna kitakachoungua, ila besi itapotea, na watu hulaumu spika bure. Menya ganda sentimita 1 tu, usokote nyuzi zikaze: uzi mmoja ukigusa tundu la jirani unaweza kuua amplifaya, sehemu ya redio inayokuza sauti. Nyuma ya redio ikiandikwa ohm 6 (kipimo cha ukinzani wa spika), usifunge spika ya ohm 4.

Redio ya volti 120 kutoka Marekani usiichomeke moja kwa moja kwenye 230. Umeme ukikatika, chomoa. Unaporudi unaweza kuiunguza. Sauti ikianza kukwaruza, punguza hapohapo.