Namna Nilivyoidhibiti Etha Katika Maabara Yenye Joto la Pwani

Nilipokabidhiwa usimamizi wa maabara ya kupima vyakula vya mifugo jijini Dar es Salaam, kemikali iliyonishughulisha kuliko zote haikuwa asidi kali wala kostiki soda, bali daiethili etha (etha, kwa kifupi), kimiminika tulichokitumia kuyeyushia mafuta yaliyomo kwenye sampuli za mashudu na dagaa. Etha huchemka kwenye nyuzijoto 34.6 za Selsiasi, na mwezi wa Februari hewa ya jiji hili huwa haiko mbali na hapo ifikapo saa nane mchana. Miongozo tuliyokuwa nayo ilihimiza ihifadhiwe mahali penye ubaridi, kana kwamba ubaridi hupatikana kwa kufungua dirisha.

Jambo la kwanza kulishughulikia lilikuwa maji. Katika kifaa cha Soxhlet, etha huchemshwa kwa saa kadhaa, mvuke wake hupanda hadi kwenye kondensa, yaani bomba la kupozea, hupozwa na maji yanayolizunguka na kuwa kimiminika tena, kisha hudondokea tena kwenye sampuli. Maji yetu ya bomba yalikuwa vuguvugu, na yalipokatika mvuke ulitoka wote juu ya kondensa na kuingia chumbani. Nikaagiza pipa la maji yenye barafu na pampu ndogo ya kuzamisha, vikawekwa varandani, na mipira ya maji ikapitishwa kwenye tundu la ukutani. Fundi alitaka pampu ikae chini ya meza ili kupunguza urefu wa mipira, nami nikakataa, kwa sababu sakafuni ndiko mvuke wa etha unakokwenda. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa zaidi ya mara mbili na nusu. Huteremka kutoka mezani, hutambaa, na ukikutana na cheche ya swichi au mota upande wa pili wa chumba, moto hurudi nyuma kuufuata hadi kwenye chupa ulikotoka. Tena huwaka ukiwa ni asilimia 2 hivi tu ya hewa, na huendelea kuweza kuwaka hadi asilimia 36.

Kwa sababu hiyo niliondoa etha kwenye friji ya kawaida, ambayo ndani yake mna taa na kidhibiti joto vinavyoweza kutoa cheche huku mlango ukiwa umeufungia mvuke. Mpaka tulipopata friji iliyotengenezwa kwa ajili ya vimiminika vinavyolipuka, tulinunua chupa za lita moja tu, kwa kiasi cha kazi iliyokuwapo. Umeme ukikatika, feni ya kuvuta mvuke husimama, hivyo kanuni yetu ilikuwa kuzima hita ya kuchemshia etha kwenye swichi yake papo hapo, ili umeme ukirudi isijiwashe yenyewe.

Hatari ambayo wengi hawaitazamii ni ovena. Baada ya kutoa mafuta, flaski hukaushwa kwenye nyuzijoto zipatazo 103 kabla ya kupimwa uzito, na mtu mwenye haraka huiingiza ikiwa bado ina etha kidogo chini. Etha inaweza kuwaka bila mwali wala cheche ikigusa kitu chenye nyuzijoto 180 hivi, na nyaya za kupashia joto ndani ya ovena huwa moto zaidi ya hapo. Kila flaski ilibaki kwanza ndani ya kabati la kuvuta mvuke, juu ya maji ya moto yaliyochemshiwa chumba kingine, hadi isitoe harufu yoyote.

Kwenye rafu ya nyuma nilikuta chupa ya zamani yenye lebo iliyofifia na chembe nyeupe zilizoganda kuzunguka kifuniko. Etha iliyokutana na hewa na mwanga kwa muda mrefu hutengeneza peroksidi, na peroksidi kavu huweza kulipuka kwa msuguano wa kufungua kifuniko tu. Sikuigusa. Nilifunga chumba, nikabaki na ufunguo mwenyewe, na nikauandikia uongozi walete wataalamu wa kuharibu kemikali. Tangu hapo kila chupa iliandikwa tarehe ya kufunguliwa, na kabla ya kutumika tulichukua etha kidogo kwenye kijaribio tukaitikisa na potasiamu iodidi yenye asidi ya asetiki. Rangi ya manjano ikijitokeza, ishara kwamba peroksidi imo, chupa hiyo haikutumika.

Hatimaye, kwa sampuli nyingi tulihamia petroli etha, kimiminika cha jamii ya petroli ambacho si etha ila kwa jina, kinachochemka kati ya nyuzijoto 40 na 60. Nacho huwaka upesi vilevile, lakini hakijengi peroksidi kama daiethili etha, na kondensa hukimudu vizuri zaidi. Daiethili etha tuliibakiza kwa vipimo ambavyo mteja ametaja njia hiyo kwa jina, na siku za kuifanya tulizipanga asubuhi.