Kiti cha baba mdogo

Viti vya basi la hija ya Namugongo, Uganda, huwahi kujaa, ndiyo maana baba mdogo alilipia viwili mapema. Wiki tatu kabla ya safari tukamzika. Wazee wa ukoo wakataka mama mdogo atulie ndani, matanga hayajaanuliwa. Alfajiri ile akajifunga kitenge, akapanda basi hapo Bukoba, na kwenye kiti cha dirishani akaweka beseni la bluu lenye chumvi, sindano na vitambaa.

Mutukula, mpakani, nililizwa. Mbadilisha fedha alinihesabia noti mbele ya macho yangu, nikamshukuru. Masaka nazihesabu tena, kumbe ile ya elfu ishirini ya juu imefunika za elfu moja tupu. Tangu hapo kila bei ilinichoma: chai, choo, hata nailoni ya kulalia majanini, kwenye baridi ile!

Tulifika jioni ya tarehe 2 Juni. Kesho yake ndiyo sikukuu: tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake waliteketezwa kwa moto hapa kwa amri ya Kabaka Mwanga, wengi wao vijana watumishi wa ikulu. Na ngoma zinalia usiku kucha! Kwetu msiba ukiingia, hata redio ya jirani huzimwa. Nililala nikizisikia zile ngoma kama utovu wa adabu.

Usiku wa manane mama mdogo akaniamsha nimchotee maji. Kumbe hiyo ndiyo kazi waliyokuwa wakiifanya yeye na baba mdogo kila mwaka, kuwaosha miguu waliokuja kwa miguu. Kundi la Mbarara lilikuwa limeingia, zaidi ya kilomita 250 barabarani. Kihaya na Kinyankole ni ndugu, hivyo akawa anawatania huku akitoboa malengelenge.

Kijana mmoja, kisigino kimechanika kama gome la mti, akamtazama sana, kisha akauliza kwa Kiswahili cha kubabaisha, "Mama, yule mzee wa beseni yuko wapi? Mwaka jana aliniosha yeye."

Mama mdogo akaendelea kusugua. "Ametangulia, mwanangu."

"Ah, basi nitamkuta ziwani," akasema kijana, akionyesha kidole kule mahujaji wanakochota maji.

Mama mdogo alicheka. Si kicheko cha kujikaza, alicheka mpaka beseni likayumba na maji yakanilowesha suruali, machozi yakimtiririka hadi kidevuni, mkono wake bado umeshika kile kisigino. "Ndiyo," akasema, "kamtafute huko huko."

Mwenzake akamnong'oneza maana yake. Kijana akanyamaza, akavuta mguu akitaka kusimama. Mama mdogo akamkalisha. "Tulia, bado wa pili." Alipomaliza kufungwa kitambaa, kijana hakwenda kulala. Alichechemea na beseni kumwaga maji machafu, akaleta mengine, mpaka kulipokucha.

Misa ilikuwa ndefu na jua kali, sikuona altare bali visogo vya watu.

Wakati wa kurudi, kwenye kiti cha dirishani palikuwa na beseni, na ndani yake kidumu cha maji ya ziwa. Kondakta akapandisha abiria wa njiani, akanyoosha mkono aliondoe beseni.

"Hicho kimelipiwa," akasema mama mdogo, akageukia dirisha.