Nati Iliyokimbia

Dada yangu anafundisha fizikia, na tangu tukiwa wadogo ni mtu wa kuhesabu kila kitu. Kwa hiyo aliponiomba nimtengenezee programu ya kamera, nilipaswa kujua kwamba haitapita bila kukaguliwa. Alitaka picha ionekane papo hapo kwenye skrini wakati anafanya jaribio, muda uandikwe juu ya picha hiyohiyo, na yote yarekodiwe kwa ajili ya wanafunzi watakaokosa kipindi.

"Kesho kutwa jioni nakuja kuichukua," alisema.

Nikamwambia hiyo ni kazi ya saa moja.

Jaribio lenyewe lilikuwa nati ya chuma iliyoning'inizwa kwa uzi wa mita 1 kwenye msumari juu ya mlango. Unaivuta kidogo pembeni, unaiachia, inakwenda na kurudi. Nilitumia lugha ya programu ya Python na OpenCV, maktaba yake ya kushughulikia picha, na usiku wa kwanza dirisha la programu lilifunguka likiwa la kijivu tupu. Taa ya kamera inawaka, picha hakuna. Nikaishuku kebo, nikaishuku kamera, nikazima kompyuta na kuiwasha upya. Kumbe nilikuwa nimeisahau amri ya waitKey. Nilidhani kazi yake ni kusubiri mtu abonyeze kitufe, na mimi sikuwa na kitufe chochote cha kubonyeza. Sikujua kwamba ndiyo inayolipa dirisha nafasi ya kujichora.

Maandishi nayo yalikuwa na visa vyake. Niliyaweka kwenye nukta 0,0, pembe ya juu kushoto, yakatoweka. Nukta unayoitaja ni ya chini kushoto mwa maneno, kwa hiyo saa yangu ilikuwa imekaa juu ya paa la picha, nje kabisa. Nikaishusha pikseli 40, ikatokea. Kisha nikaandika "Pembe: 10°" nikapata "Pembe: 10??". Herufi zile za mistari mitupu zinatokana na kazi ya Allen Hershey, aliyezichora katika maabara ya jeshi la majini la Marekani miaka ya 1960, na putText, amri ya kuandika maneno juu ya picha, niliyokuwa nayo haikujua chochote nje ya ASCII, yaani herufi na alama za msingi za Kiingereza. Alama ya digrii (°) huhifadhiwa kwa baiti 2, basi nikapewa alama 2 za kuuliza. Niliishia kuchora kiduara kidogo juu ya tarakimu, na hadi leo najivunia kile kiduara kuliko kinavyostahili.

Kurekodi hakukunichukua muda, ukiacha faili la kwanza lililokataa kufunguka kwa sababu nilitaja ukubwa wa 640 kwa 480 huku kamera ikitoa 1280 kwa 720. Hakuna onyo, hakuna kosa lililoandikwa popote, faili tupu tu. Nikarekebisha, nikajaribu mchana karibu na dirisha, safi. Jioni ya siku aliyosema, nikarekodi nati kwa dakika 1 na kumsubiri.

Alitazama video akiwa bado amesimama, mkoba begani. Akatazama saa yake ya mkononi, midomo ikihesabu.

"Mdogo wangu, huu uzi una urefu gani?"

"Mita moja, dada. Umenipa mwenyewe."

"Uzi wa mita moja unachukua sekunde mbili kwenda na kurudi. Huu wako unachukua moja. Huu ni uzi wa sentimita ishirini na tano." Akauangalia uzi, uliokuwa bado unaning'inia mlangoni, mrefu kama alivyoukata. "Au mvutano wa dunia umeongezeka mara nne hapa sebuleni kwako."

Nikaanza kujitetea, kwamba huenda ni kichezeshi cha video. Yeye akaweka kidole kwenye pembe ya skrini. Saa niliyoiandika juu ya picha ilikuwa inaruka: kila sekunde 1 ya video, yenyewe ilisogea 2. Siku mbili nimeipanga ile saa, rangi yake, unene wake, na sikuwahi hata mara moja kuisoma.

Tukakaa. Nikaiambia programu ichapishe muda unaopita kati ya fremu na fremu, yaani kila picha moja inayounda video: milisekunde 66, 67, 66. Nikaelekeza taa ya mezani kwenye nati: 33. Basi ikawa wazi. Giza likiingia, kamera ile huacha kila fremu ikusanye mwanga kwa muda mrefu zaidi, na fremu zikirefuka zinapungua, kutoka 30 kwa sekunde hadi 15. Mimi kwenye faili nilikuwa nimeshaandika 30 na kuondoka. Kichezeshi kilifanya kilichoambiwa, kikazimaliza fremu za dakika nzima kwa nusu dakika.

Nilibadilisha hesabu usiku uleule. Kila fremu ikiingia, programu inaangalia saa ya kompyuta, inajua faili lilipaswa kuwa na fremu ngapi kufikia hapo, na kama zimepungua inairudia ya mwisho hadi zitimie. Nati ikarudi kwenye sekunde 2 zake. Nikataka kulifuta lile faili bovu.

"Usilifute," dada alisema. "Nitawapa wanafunzi watafute urefu wa uzi. Niondolee tu hiyo saa pembeni, isije ikawapa jibu."

Hapo ndipo nilipoona ujinga wangu mwingine. Nilikuwa naandika kwenye fremu, halafu fremu hiyohiyo naionyesha na kuihifadhi. Kunakili fremu kabla ya kuandika ni mstari 1 tu, na sikuuweka. Pikseli zilizokuwa chini ya zile tarakimu hazikuwa zimehifadhiwa popote.

"Haitoki, dada. Naweza kuifunika tu."

"Chini yake kulikuwa na nini?"

"Ukuta."

Nikachora mstatili mweusi juu ya saa na kumpa faili lake. Wiki iliyofuata alinipigia simu akicheka. Wengi walipata sentimita 25, ila kijana mmoja wa nyuma hakushika hata kalamu. Aliinua mkono akauliza kile cheusi pale pembeni kinaficha nini.