Tulipanda na maji mpaka Hamburg

Tulitoka Richards Bay, Afrika Kusini, tukiwa na zaidi ya tani 70,000 za makaa ya mawe tumboni, meli yenyewe mita 225 urefu na mita 32 upana, tunaelekea Hamburg, Ujerumani. Mimi ndo sekendi, yaani ofisa wa pili, na kwenye meli za mizigo sekendi ndo mtu wa chati. Safari nzima unaipanga wewe, gati mpaka gati, kepteni anakagua na kusaini, kwa hiyo namba ukiiandika vibaya inatembea na meli mpaka mwisho.

Njia ya baharini yenyewe sitaisema sana. Ukishazunguka Rasi ya Tumaini Jema ni Atlantiki tu, siku zinafanana, joto la ikweta linakuja linapita, unaosha chumvi kwenye vioo, unalala. Wiki tatu na ushee. Kazi iliyokuwa inaninyima usingizi ilikuwa ni ile ya mwisho, maana Hamburg haipo baharini! Watu wengi hawajui hilo. Ni bandari kubwa kabisa ya Ujerumani lakini iko ndani ya mto Elbe, kilomita 100 na zaidi kutoka bahari ilipo, unapanda mto masaa sita hivi na jimeli lako lote hilo, na mto huo unajaa na kupwa kama bahari.

Mi nimezaliwa Pangani. Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi, anabeba nazi na boriti kwenda Unguja, na pale Pangani mdomo wa mto una fungu la mchanga, chombo kikiwa na mzigo huingii mpaka maji yajae. Sasa mtu aliyekua anaona wazee wamekaa nje ya mlango wanasubiri maji, ukimpa Elbe aipange anaelewa haraka kuliko mtu wa mahali pengine, hilo nalisema kwa moyo wangu wote. Pale DMI, chuo cha ubaharia Dar, mwalimu alipokuwa anatufundisha jedwali la maji kujaa na kupwa mi nilikuwa nayajua tayari kwa majina mengine, bamvua ndo maji makubwa, maji mafu ndo yale madogo, na mwezi ngapi leo, yaani siku ya ngapi tangu uandame.

Hesabu ilikuwa hivi. Meli kwenye maji ya chumvi ilikuwa imezama mita 13 na sentimita 40. Lakini Elbe ukishapanda maji yanakuwa baridi, yaani yasiyo na chumvi, na maji yasiyo na chumvi hayabebi kama ya bahari, meli kama yetu inashuka sentimita 30 na kitu zaidi bila kuongezwa hata kilo moja ya mzigo. Alafu kuna kitu kingine, meli ikikimbia kwenye maji yenye kina kidogo inajivuta chini, mkuku, yaani uti wa chini wa meli, unasogelea tope, na kadri unavyoongeza spidi ndo inavyozidi kushuka. Kwa hiyo unajumlisha kina meli ilichozama, na maji baridi, na spidi, na akiba ya usalama ambayo kampuni imeweka, ndo unaangalia mto una nini. Wamechimba Elbe mara nyingi sana, mara ya mwisho kazi kubwa imeisha juzijuzi tu hapa, lakini meli iliyozama kama yetu bado inatakiwa ipande na maji.

Na hapa ndo pazuri. Maji kujaa hayafiki mto mzima kwa pamoja, yanaanza mdomoni Cuxhaven alafu yanapanda, mpaka yafike Hamburg ni kama masaa matatu unusu mpaka manne, na meli nayo inapanda kwa mwendo unaokaribiana na huo. Ukipatia saa ya kuanza, unakuwa umekaa juu ya maji yaleyale yanayojaa njia nzima, yanakubeba kutoka baharini mpaka mjini. Kutoka na mzigo ndo kugumu, maana we unashuka na maji ya kupwa yanapanda, mnakutana njiani, hapo kina kinakuwa kidogo kabisa. Sisi tunaingia na mzigo tunatoka watupu kwa hiyo Mungu alituwekea upande mzuri.

Basi tulipokuwa bado tuko chini ya Ureno ejenti, mtu wa kutushughulikia mambo ya bandari, akaandika, gati halijawa wazi, kuna meli mbele yetu haijamaliza kushusha, tukija na spidi ile tutaenda kutia nanga nje tukae siku mbili. Kepteni akaniita briji, chumba cha kuongozea meli, akasema sekendi nipigie hesabu tukipunguza mwendo tunafika lini. Nikapiga. Kutoka maili 13 kwa saa tushuke mpaka 11, tunafika mwezi 17, siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu, bamvua imeshiba. Nilifurahi jamani, maana tungefika wiki moja baadaye tungekuta maji mafu, maji ya kujaa yanakuwa mafupi na kile kiakiba chini ya mkuku kinabana. Kepteni akakubali, mafuta yakapona pia, na chifu injinia ambaye huwa hacheki akanipigia simu briji kuniambia ahsante.

Karatasi sasa. Mtu akisikia meli imeingia bandarini Ulaya anadhani ni kupiga honi tu. Taarifa zote zinaingia kwenye mfumo wa serikali yao kabla hujafika, nyingi zinatakiwa zifike si chini ya masaa 24 kabla, kuna ya usalama ambayo unaorodhesha bandari 10 za mwisho ulizotoka na kila moja ulikuwa kwenye kiwango gani cha ulinzi, kuna orodha ya mabaharia, kuna stoo za meli, kuna vitu binafsi vya kila mtu mpaka sigara, kuna tamko la afya, kuna la takataka, una takataka kiasi gani na utashusha ngapi na utabaki na ngapi. Hili la takataka wanalichukulia kwa uzito kabisa na mi nakubaliana nao, nimeona bandari nyingine mafuta machafu yanavyofanya ufukwe. Chifu injinia naye alikuwa na lake, kabla hujaingia kwenye Channel, ile bahari nyembamba kati ya Uingereza na Ufaransa, unabadilisha mafuta, Bahari ya Kaskazini na Channel tangu mwaka 2015 salfa kwenye mafuta isizidi asilimia 0.10, na kubadilisha si kufungua koki na kufunga, inachukua masaa, unaandika kwenye kitabu ulianza saa ngapi na meli ilikuwa wapi.

Dover tulipita usiku, taa kila upande, feri zinakata mbele yako kama daladala Kariakoo. Kuanzia pale sikulala vizuri.

Na usiku uliofuata ndo nikaona kosa langu. Nilikuwa narudia mahesabu ya maji, mara ya tano au ya sita sijui, Hamburg maji yanajaa saa kumi na mbili na robo jioni, nikaangalia tena kichwa cha jedwali nikaona limeandikwa kwa saa ya kawaida ya kule. Ilikuwa mwezi wa sita, kule wakati wa kiangazi wanasogeza saa mbele, na mi ile saa moja sikuiongeza. Maji yalikuwa yanajaa saa moja na robo. Saa zima! Nilihisi baridi mgongoni. Tungetangulia lisaa lizima mbele ya maji, si kwamba tungekwama hapohapo, rubani angeligundua, ofisi zao zinahesabu zenyewe pia, lakini akiba ingekuwa ndogo kuliko nilivyomuahidi kepteni. Nikashuka kumgongea mlango saa nane za usiku nikamwambia Kepteni nimekosea. Akavaa miwani akaangalia, akasema sahihisha, kisha uwaandikie saa mpya ya kufika kwa rubani. Basi. Hakupiga kelele. Tangu siku ile juu ya kila karatasi yangu ya maji naandika kwanza ni saa ya wapi, kwa kalamu nyekundu.

Rubani alipanda saa sita mchana nje ya mdomo wa Elbe. Neno rubani siku hizi watu wanawaza ndege tu, ila kwetu pwani rubani alikuwa wa chombo tangu zamani, mtu anayejua njia ya mahali. Boti zao wale Wajerumani zina matumbo mawili chini ya maji kwa hiyo haziyumbi sana, inakuja inajibana ubavuni, mzee wa miaka hamsini na kitu anakamata ngazi ya kamba anapanda kama anapanda mnazi. Ngazi ile niliikagua mwenyewe na baharia mmoja wa Tanga, kila kipago kila fundo. Akaniambia kaka sekendi hii ngazi hata mama yangu angepanda. Marubani wanakufa kwenye ngazi mbovu, sio hadithi, kwa hiyo pale sina mchezo.

Ukiingia unaona upande wa kulia kisiwa cha Neuwerk, na mnara wa matofali umesimama tangu mwaka 1310 hivi, na hicho kisiwa ni cha mji wa Hamburg japo mji uko mbali huko ndani. Nikawaza wale watu miaka mia saba iliyopita walielewa kwamba bandari inaanzia huku mdomoni, haianzii gatini.

Tukapita Cuxhaven, maji yanajaa, boya zote zimeinama kuelekea ndani, nikamwonyesha kijana wa deki, ona boya inavyolala, hiyo ndo inakwambia maji yanaenda wapi. Redio unahama chaneli kadri unavyopanda, 71 kisha 68 na ukifika bandarini 74. Brunsbüttel, pale kwenye mlango wa mfereji wa Kiel, rubani wa kwanza anashuka na mwingine anapanda, meli haisimami. Mashamba, ng'ombe, kondoo juu ya tuta, watu wanaendesha baiskeli na we uko juu ya briji unawatazama kwa chini. Kipimo cha kina kinasoma nilichoandika, tofauti ya sentimita chache tu, na kila nikikitazama moyo unatulia kidogo.

Saa kumi na moja jioni tukafika Wedel. Pale kuna kituo cha kukaribisha meli, kipo tangu mwaka 1952, meli kubwa ikipita wanapiga wimbo wa taifa wa bendera yake kwa vipaza sauti na wanawatangazia watu waliokaa pale meli hii ni gani imetoka wapi. Sisi bendera yetu ni Liberia, ukapigwa wa Liberia. Ndani ya meli hakuna Mliberia hata mmoja, Wafilipino, Wahindi, sisi Watanzania watatu, lakini kila aliyekuwa deki alisimama, mpishi akatoka jikoni na aproni yake, watu wa nchi kavu wanapunga mikono na sisi tunapunga. Baharia anaingia bandari nyingi miaka mingi na hamna anayejua kama amefika. Machozi yalinilenga, sifichi.

Baada ya hapo ni haraka haraka. Rubani wa bandari akapanda, tagi, yaani boti za kuvuta meli, zikaja zikashika mbele na nyuma, tukakata kulia kuingia Köhlbrand, tawi la Elbe. Kuna daraja pale la mwaka 1974, nafasi chini yake kama mita 53 maji yakijaa, na hapo ndo unaelewa kwamba yale maji yanayokuinua mkuku kutoka kwenye tope yanakusogeza na mlingoti kwenye daraja, kwa hiyo na hiyo nilishaipiga hesabu, sisi tulikuwa na nafasi ya kutosha kabisa. Ila nakwambia ukiwa unapita chini yake unainamisha kichwa, hata kepteni aliinamisha. Mwenzetu mmoja wa Kigoma, fundi wa injini, alikuwa amepanda juu kuangalia, akasema meli ya kwao Liemba ilijengwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande ikatiwa kwenye makreti karibu 5,000 na kupakiwa hapahapa Hamburg kwenda Dar. Alikuwa anaangalia magati yale kama mtu anayetafuta nyumba ya ukoo.

Kamba ya kwanza ilifika nchi kavu saa moja na dakika ishirini, maji yamesimama, hayapandi hayashuki. Jua bado liko juu, kule mwezi wa sita usiku unachelewa sana.

Kesho yake nikapata pasi ya kushuka, basi dogo la Duckdalben likatufuata getini, hiyo ni klabu ya mabaharia ipo tangu 1986, kuna intaneti, kuna biliadi, na ghorofani kuna chumba kimoja cha ibada ambacho dini zote zimepewa kona zao. Nikaswali, nikatulia, nikampigia babu. Ana miaka themanini na kitu, hasikii vizuri, lazima upige kelele.

Shikamoo babu. Marahaba, uko wapi? Ujerumani, tumeingia jana. Hakuuliza meli kubwa kiasi gani wala mshahara.

"Mliingia na maji ya ngapi?"

Nikamwambia mwezi kumi na saba, tumefunga kamba maji yamesimama. Akanyamaza kidogo, nikasikia anamwambia bibi, kisha akarudi kwenye simu akauliza tunatoka lini na mwezi utakuwa ngapi.