Nilivyoifufua TV ya chogo ya anko, na mafundi waliotaka kuniua kwa ushauri

Kuna watu wakisikia unatengeneza chogo wanacheka, eti nani ana chogo zama hizi za flati. Pitieni vibanda vya gemu huko uswahilini muone madogo wanachezea PS2 kwenye nini. Na anko wangu hapa Temeke ndo kabisa, hataki kusikia, inchi 21 yake anayo tangu kabla hawajazima analojia Dar mwisho wa 2012, alinunua king'amuzi akachomeka nyaya za AV maisha yakaendelea. Na rangi zake bado kali kuliko flati nyingi za bei chee, hapo nabishana na yeyote.

Sasa ikaanza ugonjwa. Ukiwasha unasikia tak tak tak nyuma, halafu inatoka ile harufu kali kama ya mashine ya fotokopi iliyoshinda inafanya kazi, baada ya muda inazima. Fundi wa mtaani akala elfu ishirini na kitu, akabadilisha transista ya horizontal, ile D2499 inayoisukuma flaibaki (transfoma inayotoa volti kubwa za kioo cha picha), ikakaa kidogo ikaungua. Akaweka nyingine, ikaungua. Anko akanipigia, "Njoo wewe msomi uangalie, huyu ananimaliza."

Nilipofungua nyuma nikakuta flaibaki imepakwa nta. Nta ya mshumaa jamani! Yaani jamaa aliona ufa kwenye flaibaki, akawasha mshumaa, akadondoshea. Flaibaki ikifanya kazi inapata moto, kwa hiyo nta iliyeyuka ikashuka mpaka kwenye bodi, ikakamata vumbi na manyoya ya paka, ikaganda tena pale chini, na ufa uko palepale unacheka. Volti elfu ishirini na kitu hazizuiwi na mshumaa wa dukani. Wengine wanapaka super glue, wengine silikoni ya madirisha ile yenye harufu ya siki, hiyo ndo mbaya zaidi maana inakula shaba. Ufa ukishatokea badilisha, acheni ubahili.

Ila kabla ya kugusa chochote kuna suala la umeme uliobaki ndani, na hapa ndo nilipewa ushauri wa ajabu sana. Fundi mmoja akaniambia "chomoa ukutani iache usiku kucha, asubuhi iko salama". Kaka, ile tyubu, yaani kioo chenyewe cha picha, ni kapasita, inatunza chaji. Ndani ya kioo kuna upako unaopitisha umeme, nje kuna ule upako mweusi, kioo kiko katikati, inaweza kukaa na chaji siku nyingi tu. Kuna flaibaki zina risista kubwa ndani inayonyonya chaji taratibu, lakini ikiwa imekatika utajuaje? Utajua ukishapigwa. Mwingine akasema "ukiitoa chaji ya tyubu gusisha bisibisi kwenye hitisinki tu, lile bati la kupoozea kwenye bodi, simpo". Ukifanya hivyo ule mshtuko unapitia kwenye bodi, unakuulia IC halafu unaanza kulalamika umerogwa.

Mimi nafanya hivi. Plagi nje ya soketi, na iwe mbele yangu naiona. Nachukua bisibisi bapa ndefu yenye mpini mzima wa plastiki, nachukua waya wenye vibanio, kibanio kimoja nabana kwenye chuma cha bisibisi, kingine nabana kwenye ule waya mtupu uliosukwa unaokumbatia mgongo wa tyubu. Hapo ndo kwenye upande wa pili wa hiyo kapasita. Waya unabanwa KWANZA, bisibisi inaingia baadaye, usigeuze. Mkono wa kushoto mfukoni, ndala kavu, na mtu mwingine awepo chumbani, sio unajifungia peke yako. Nikaingiza ncha taratibu chini ya kile kikofia cha mpira ambapo waya mnene wa flaibaki unaingia kwenye tyubu, mpaka ikagusa chuma cha ndani. PWA! Anko akaruka mpaka kwenye kochi.

Nikakaa zangu nikanywa chai. Anko anauliza, "Si umeshautoa?" Nikamwambia subiri uone. Nikaingiza tena bisibisi, tik! Kadogo lakini kapo. Kioo kina tabia ya kurudisha chaji kidogo baada ya muda, kwa hiyo ukitoa mara moja ukajiachia unapigwa. Hapo ndo anko akaanza kuniheshimu.

Bado kuna ile kapasita kubwa ya 400V upande wa pawa. Umeme wa 230 ukishageuzwa kuwa DC mle unafika kama 325, na watu wanaipiga shoti na bisibisi mpaka ncha inaliwa. Mimi natumia balbu ya zamani ya waya kwenye holda, unagusisha pini mbili inawaka sekunde inafifia, halafu unathibitisha na mita. Na hiyo mita usije ukathubutu kuipeleka kule kwenye kikofia, za kawaida mwisho ni volti 1000.

Kariakoo sasa. Flaibaki imeandikwa BSC25 halafu namba zinafuata, muuzaji ananiambia "hii ndo ileile bosi, si unaona pini kumi". Pini kumi hata mimi naziona, ila mpangilio ni mwingine, na volti 6.3 za kuwasha hita ya tyubu zinatokea humohumo kwenye flaibaki, ukikosea unaunguza tyubu ambayo hununui tena popote. Nenda na ya zamani mkononi, namba zote zifanane. Nilipata kwa kama elfu kumi na kitu, na D2499 mpya, na ile kapasita ya resonansi ya 1600V inayokaa na hiyo transista. Hiyo watu wanaisahau! Ikipungua thamani, volti za juu zinapanda na transista inakufa tena.

Kikofia cha mpira nilikuta kina uchafu wa chumvi, si mnajua hewa ya pwani, nikasafisha na spiriti mpaka kioo kikang'aa, nikaacha kikauke kabisa maana spiriti na cheche ni moto. Nikafunga vyote, nikawasha kupitia balbu ya wati 100 iliyoungwa siriizi, koili ya kuondoa sumaku nikiwa nimeichomoa. Balbu ikawaka kwa nguvu ikafifia. Ingebaki inawaka kali, kuna shoti, zima. Nikazima taa za sebuleni nikaangalia kwa mbali mikono nyuma, hakuna cheche ya bluu hata moja. Volti 110 za kulisha horizontal zimetulia. Picha safi.

Kesho yake jirani akaleta ya kwake, kasikia habari. Nikachungulia shingo ya tyubu, ule upako wa kioo-kioo wa fedha umegeuka mweupe kama maziwa, maana yake hewa imeshaingia. Nikamwambia mama hii haiponi, nisile hela yako bure. Ila flaibaki yake nimeiomba.