Kumbukumbu ya mradi wangu: nondo wa mwisho wa kiangazi, Tororo, Uganda

Februari 9. Vumbi na upepo mkavu. Nimetundika shuka jeupe kwenye kamba ya nguo nyuma ya nyumba, na mbele yake balbu ya zebaki ya wati 160, ile inayoingia moja kwa moja kwenye holda. Hata saa tatu haijafika, jirani keshachungulia juu ya ua. "Baba Shamim, senene wameanza?" Nikamwambia senene mpaka Aprili, mimi natafuta nondo. "Wanaliwa?" Hawaliwi. Akaenda zake akitikisa kichwa. Ningekuwa na mabati na mapipa ya kutegea senene angenielewa.

Hadi saa tano: nondo 11, na mijusi kafiri wawili ambao sikuwaalika. Wengi ni Utetheisa pulchella, mweupe, ana vitone vyeusi na vyekundu kana kwamba mtu alikuwa akijaribia kalamu mgongoni mwake. Huyu hata mchana utamwona kwenye marejea. Viwavi wake hula mimea hiyo yenye sumu, sumu hubaki mwilini hadi anapoota mabawa, na ndege akimwonja humtema. Ndiyo maana hajisumbui kujificha.

Mradi wenyewe ulizaliwa na wivu. Uingereza kuna watu wanaohesabu nondo mwishoni mwa baridi, wakati miti bado haina jani. Mmoja wa nondo hao ni Alsophila aescularia. Jike hana mabawa kabisa, hutambaa kwa miguu hadi juu ya shina la mti akamngoja dume hapo. Sisi Februari ni jua la kupasua kichwa, lakini ukame wetu wa Desemba hadi Februari nao una wanaouvumilia na wanaoungoja uishe, wakiwa pupa, hatua kati ya kiwavi na nondo, chini ya udongo. Nataka kujua nani ni nani.

Februari 17. Mbalamwezi. Nondo 6. Nimezima mapema, umeme si wa bure. Cyligramma latona mmoja alikuwa bafuni nyuma ya madumu, kahawia, mstari wa rangi ya maziwa umekata mabawa yote manne. Mama mkwe akasema asiuawe, huyo analeta mgeni. Mgeni ni yeye mwenyewe, amefika juzi.

Machi 2. Upepo umegeuka, jioni inanuka mvua ya mbali. Agrius convolvuli! Alitua ukingoni mwa shuka, kijivu kama gome, ila akipanua mabawa unaona tumbo lina pingili za waridi na nyeusi. Viwavi wake hula majani ya viazi vitamu, na shamba la viazi liko hatua ishirini kutoka hapa. Nilimsogezea kidole. Hakuruka. Alianza kutetemesha mabawa, kwanza polepole, kisha kwa kasi mpaka yakawa ukungu. Anapasha moto misuli, bila hivyo mwili mzito ule haunyanyuki. Karibu dakika nzima, halafu vup, hayupo.

Nimeona pia jambo nililosoma katika utafiti wa 2024: wadudu hawaifuati taa kama tunavyodhani, huielekezea mgongo, kwa sababu usiku upande wenye mwanga siku zote ulikuwa juu, angani. Nondo akipita juu ya balbu yangu hupinduka tumbo juu na kuanguka kama jiwe. Nimewaona watatu.

Machi 11. Mvua ya kwanza, saa mbili na nusu. Matone matatu tu juu ya kioo cha moto, balbu ikapasuka paa! Vipande hadi kwenye sufuria za jikoni. Kosa langu: sikuweka kibati juu yake. Mke wangu hakusema kitu, na hilo ndilo baya zaidi.

Machi 13. Sina balbu, nategemea taa ya kawaida ya barazani. Nondo 74, nikaacha kuhesabu. Kumbe balbu ya bei ghali ilikuwa inaangaza ukame. Wengi ni wadogo wa kahawia, jamii ya viwavijeshi, Spodoptera, ambao huja na upepo wa mvua na kutaga kwenye nyasi changa. Nilimwendea mzee wa shamba la mahindi nikamwomba akague majani kila asubuhi wiki hizi mbili. Safari hii hakuna aliyeniuliza kama wanaliwa.

Saa tisa usiku, kwenye shuka nililosahau kulianua: jike la Bunaea alcinoe, upana wa kiganja changu kilichokunjuliwa, na alama kama jicho, ya rangi ya chungwa, kwenye kila bawa la nyuma. Hana kinywa cha kulia. Anaishi siku chache kwa akiba ya ukiwavi wake, azae afe. Asubuhi hakuwepo. Ameacha mayai kwenye pindo, yameshikamana kama shanga.

Machi 15. Balbu mpya nitanunua mwisho wa mwezi, pamoja na kibati. Shuka linadaiwa ndani. Nimeomba wiki mbili.